Vipimo vya Picha na Video za Kutangazia Viungo Mjini Dar es Salaam



Katika mkutano uliopita wengi wenu mlituuliza suala moja: kwa nini picha ya bidhaa iliyo safi kabisa kwenye simu ya mpigaji huonekana imekatika, au imefifia, inapofika kwa mnunuzi wa Temeke au Kinondoni? Tuliahidi kulijibu katika kurasa hizi, na leo tunatimiza ahadi.

Kwanza yafaa tueleze ni bidhaa gani tunazozikusudia. Karafuu yetu, na makonyo pia, twawauzia ZSTC kama sheria inavyotaka. Hizo hazihitaji tangazo. Tunazungumzia mdalasini, pilipili manga, manjano, iliki na viungo vyengine tunavyovuna kandokando ya mikarafuu. Hivi ndivyo vinavyotuletea fedha katika miezi ambayo mikarafuu haina kitu, na wanunuzi wake wengi wako ng'ambo ya bahari. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Pemba nzima ina watu 543,441. Wilaya ya Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674, na Kinondoni 982,328. Mpishi wa shughuli aliyeko Mbagala, au mwenye duka wa Mwananyamala, hawezi kuja kunusa mdalasini wetu. Anachokiona ni picha tu, na kwa picha hiyo huamua kama atatuma fedha au hatatuma.

Kosa letu wenyewe

Hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, sisi katika kamati tulipiga picha ya mdalasini tukiwa tumeilaza simu. Juu ya picha tukaandika kwa herufi kubwa, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili: ROBO KILO, na bei yake. Kwenye simu yetu maandishi yote yalionekana. Tukaiweka Instagram, tukaondoka tukiwa tumefurahi.

Mtu aliyeifungua picha ile aliyaona maneno yote. Lakini aliyeingia kwenye ukurasa wetu na kutizama picha zikiwa zimepangwa safu kwa safu, aliona sehemu ya katikati tu. Neno ROBO lilikatwa. Kilichobaki ni KILO na bei. Mama mmoja wa Temeke anayepika katika maharusi alitutumia fedha za kilo kumi kwa hesabu hiyo. Tulipompigia simu kumweleza, alidhani tumepandisha bei baada ya kupokea fedha zake. Tulimrejeshea zote na tukamwomba radhi. Alizipokea, lakini mdalasini wa harusi ile aliununua pengine, wala hakuwa na makosa.

Basi wanachama, picha isiyo na kipimo ni kama mizani mbovu. Hata kama muuzaji hakukusudia kudanganya, mnunuzi amepunjwa.

Sababu ya picha kukatwa

Kila mtandao una dirisha lake lenye umbo lake. Picha isiyolingana na dirisha hukatwa pembeni, au huachiwa nafasi tupu juu na chini. Maumbo ya kujua ni manne tu.

La kwanza ni mraba, upana sawa na urefu. La pili ni la kusimama kidogo, sehemu 4 za upana kwa 5 za urefu. La tatu ni la kusimama kabisa, 9 kwa 16, yaani linalojaza simu iliyosimamishwa. La nne ni la kulala, 16 kwa 9, kama runinga.

Mnunuzi wetu wa Dar es Salaam hutizama simu akiwa ameisimamisha, mara nyingi akiwa ndani ya daladala na mkono mmoja umeshika bomba. Hataigeuza simu kwa ajili yetu. Picha ya kulala humfikia ikiwa ndogo kama kanda nyembamba katikati ya kioo. Kwa hivyo tunashauri: picha za kuuzia zipigwe za kusimama, na umbo la kulala tuwaachie YouTube.

Vipimo vyenyewe

Picha ya simu ni mkusanyiko wa vitone vidogo vya rangi vinavyoitwa pikseli. Tunapotaja kipimo, nambari ya kwanza ni upana na ya pili ni urefu.

Picha ya kawaida ya Instagram au Facebook: 1080 kwa 1350. Hili ni umbo la 4 kwa 5, nalo latosha kwa matangazo yetu mengi. Mraba wa 1080 kwa 1080 pia unakubalika, lakini huchukua nafasi ndogo zaidi kwenye kioo cha mnunuzi.

Stori za Instagram, stetasi ya WhatsApp, Reels na TikTok: 1080 kwa 1920, umbo la 9 kwa 16.

Video ya YouTube ya kawaida: 1920 kwa 1080. Picha ya kifuniko chake: 1280 kwa 720. Msiandike bei kwenye pembe ya chini kulia ya kifuniko hicho, kwa sababu YouTube hubandika hapo muda wa video.

Kuhusu safu za picha katika ukurasa wa Instagram, zilizotuponza sisi, mjue kwamba kwa miaka mingi zilikuwa za mraba. Tangu Januari 2025 zinaonyeshwa kwa umbo la 3 kwa 4. Hivyo picha ya 4 kwa 5 hupunguzwa kidogo tu pembeni, lakini ya kulala hupoteza zaidi ya nusu ya upana wake. Dawa ni moja: jina la kiungo, uzito, bei na nambari ya simu viwekwe katikati, tena uzito na bei viwe mstari mmoja wenye herufi za ukubwa mmoja. Pembeni paachwe patupu.

Kwenye stori, acheni pikseli 250 juu na 250 chini bila maandishi, kwani hapo hukaa jina la ukurasa na mahali pa kujibu. Kwenye Reels na TikTok acheni zaidi, kama theluthi nzima ya chini, na upande wa kulia pia, maana hapo hukaa maelezo na vitufe. Tumeona tangazo la mwanachama mmoja ambalo nambari yake ya simu ilifunikwa na alama ya moyo. Watu waliipenda picha, wasiweze kumpigia.

Sababu ya picha kufifia

Kuna wanaodhani kwamba picha kubwa mno ndiyo bora. Si hivyo. Picha yenye upana wa pikseli 4000 ikipelekwa Instagram, mtandao wenyewe utaipunguza kwa namna upendavyo. Na picha ndogo ya pikseli 400 ikivutwa ijaze kioo, itakuwa na ukungu. Ni vyema kupeleka kipimo kinachotakiwa.

Lakini kwetu sisi ukungu mwingi hutokea njiani. Mwanachama hupiga picha Pemba, akamtumia kwa WhatsApp jamaa yake wa Mbagala anayempokelea mizigo, na jamaa huyo akaiweka Instagram. Picha hiyo imebanwa mara mbili: mara ya kwanza na WhatsApp, mara ya pili na Instagram. Ikiwa jamaa huyo hakuihifadhi bali ameipiga picha kutoka kwenye kioo cha simu, imeharibika mara tatu. Maganda ya mdalasini huonekana kama vipande vya mbao, na pilipili manga haijulikani kama ni kavu au imeota ukungu wa kweli.

Njia ya kuepuka ni rahisi. Unapomtumia mtu picha ili yeye aitangaze, itume kama faili, usiitume kama picha. Katika WhatsApp bonyeza alama ya kuambatisha, chagua sehemu ya hati, kisha chagua picha yako. Itafika kama ilivyotoka. Ikiwa unamtumia mnunuzi aione tu, gusa alama ya HD kabla ya kutuma. WhatsApp iliiongeza mwaka 2023.

Video na gharama ya bando

Hapa ndipo fedha zetu zinapopotea bila kujijua. Dakika moja ya video ya 4K yaweza kufika megabaiti 350. Dakika hiyo hiyo kwa kipimo cha 1080 yaweza kufika 130, na kwa 720 kama 60. Mwenye kupeleka video ya 4K hulipia bando kubwa, kisha mtandao huibana, na mnunuzi akaiona kwenye kioo cha upana wa kiganja bila kutambua tofauti.

Kwa hivyo fungueni mipangilio ya kamera, mchague 1080 na picha 30 kwa sekunde. Kwa stetasi ya WhatsApp hata 720 yatosha. Simamisheni simu, na msivuke sekunde 30. Mnunuzi naye ana bando lake, na hatalimaliza kwa kutizama kamba za maboksi. Katika sekunde tatu za mwanzo aone kiungo chenyewe kwa karibu; kisha mizani ikiwa na kiungo juu yake, nambari ikisomeka; mwisho bei na mahali pa kuchukulia mzigo Dar es Salaam.

Jambo moja zaidi: msipige video hizi mbele ya majamvi ya karafuu. Ni mandhari nzuri, lakini huleta maombi ya magunia ya karafuu kutoka kwa watu wa bara, na hayo hatuwezi kuyapokea.

Kifaa cha kujifanyia nyumbani

Asiyependa hesabu za pikseli na afanye hivi. Chukua kipande cha boksi gumu, ukate tundu la upana wa sentimita 8 na urefu wa sentimita 10. Kata jengine la sentimita 9 kwa 16. La kwanza ni dirisha la picha ya kawaida, la pili ni la stori na video. Panga bidhaa yako mezani, shika boksi mbele ya jicho, utizame kupitia tunduni. Kinachobaki nje ya tundu hakitaonekana na mnunuzi. Kisha piga picha kwa umbo lile lile.

Ukimaliza, kabla ya kutangaza, mpe simu mtoto au jirani ambaye hakuwapo. Muulize mambo matatu: ni kitu gani, ni uzito gani, ni bei gani. Akisita hata kwa moja, picha hiyo irudiwe. Lau tungefanya hivyo mwaka jana, yule mama wa Temeke angekuwa mteja wetu hadi leo.

Maboksi mawili ya mfano tumeyaweka ofisini kwa ajili ya wanachama. Mwenye kutaka na aje na simu yake pamoja na bidhaa kidogo, tutampigia picha moja pamoja naye ili ajue njia. Picha za zamani zenye bei zilizokatika tafadhali ziondoeni katika kurasa zenu mapema, kabla hazijamponza mnunuzi mwengine.