Anapokuuliza "Unataka Ngapi?"

Mwaka 2003 kijana wa Kanada aitwaye Mike Rowe, mwanafunzi wa miaka 17 mjini Victoria, alisajili jina la kikoa mikerowesoft.com. Alikuwa akiwatengenezea watu tovuti, na jina lake likitamkwa haraka na kuongezewa "soft" linasikika kama Microsoft. Yeye aliona ni utani mzuri. Mawakili wa kampuni hawakucheka. Walimtaka awakabidhi jina, wakaahidi kumlipa dola 10, yaani gharama ya usajili. Kijana akaona amedharauliwa, akajibu kwamba anataka dola 10,000. Haikupita muda ikamfikia barua ya kurasa 25, na humo lile jibu lake la hasira limeshageuzwa kielelezo: huyu alisajili jina ili atukamue.

Shauri liliisha kwa maelewano Januari 2004, kwa sababu magazeti yalilivalia njuga na kampuni haikupenda kuonekana inamwandama mtoto wa shule. Muuza vipodozi wa Kariakoo au mwenye kampuni ya utalii Arusha hana magazeti hayo. Akipigiwa na mtu anayelitaka jina lake, yuko peke yake na simu yake, na swali la kwanza atakaloulizwa, tena kwa sauti ya kirafiki, ni lile lile: unataka ngapi?

Usijibu kwa namba. Majina yanayoishia na .com, .net au .org yanafuata kanuni ya kutatua migogoro iliyopitishwa mwaka 1999 na ICANN, chombo kinachosimamia majina ya intaneti. Kanuni hiyo, maarufu kwa kifupi UDRP, inamruhusu mwenye alama ya biashara kukushtaki bila kwenda mahakamani, mbele ya waamuzi wa taasisi kama WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani. Lazima athibitishe mambo matatu, yote kwa pamoja: kwamba jina lako linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba wewe huna haki wala maslahi halali katika jina hilo, na kwamba ulilisajili na unalitumia kwa nia mbaya. La kwanza humpa shida kidogo. La tatu ndilo humtoa jasho, maana nia ya mtu haionekani kwa macho. Na kanuni yenyewe imetaja mfano wa nia mbaya: kusajili jina kwa lengo kuu la kumuuzia mwenye alama kwa bei inayozidi gharama zako. Ukimtajia bei kubwa mtu aliyekuchokoza uitaje, umemfanyia nusu ya kazi.

Sisemi kutaja bei ni kosa. Mali yako unaweza kuiuza. Waamuzi huangalia pia nani aliyeanzisha habari ya kuuza, na kama ulikuwa ukilitumia jina kwa biashara ya kweli kabla ya malalamiko yoyote. Ukiwa ulilisajili kabla alama yake haijakuwepo, dai la nia mbaya kwa kawaida huanguka, kwa kuwa huwezi kumvizia mtu ambaye hajazaliwa. Lakini hayo ni ya kujitetea baadaye, kwa gharama. Mwanzoni inatosha kukaa kimya kuhusu fedha.

Jibu la kwanza liwe fupi na liwe la maandishi: "Jina hili linatumika na halijatangazwa kuuzwa. Kama una madai ya kisheria, tafadhali tuma nakala ya cheti cha alama ya biashara, ukionyesha nchi iliposajiliwa na daraja la bidhaa au huduma." Anayeng'ang'ania simu mwambie aandike. Asiye na haki hapendi karatasi, na madai mengi hunyauka hapo hapo. Barua pepe zote na sauti za WhatsApp zihifadhi, hata zile za matusi. Za matusi hasa.

Nchi na daraja vina maana gani? Alama ya biashara hulinda pale iliposajiliwa, na kwa aina ya bidhaa au huduma iliyotajwa. Kimataifa aina hizo zimepangwa katika madaraja 45: 34 ya bidhaa, 11 ya huduma. Ndiyo maana Tanzania tunayo Simba ya mpira na Simba ya saruji, na hakuna fundi ujenzi anayebeba mfuko akidhani kanunua tiketi ya mechi na Yanga. Disney nayo ilisajili "Hakuna Matata" Marekani kwa ajili ya mavazi, jambo lililowachoma watu wengi, nami nikiwemo. Hata hivyo cheti hicho hakifungi nyumba ya wageni iliyoandika maneno hayo mlangoni kule Nungwi. Anayekutumia cheti cha Nairobi ili ufute jina la duka lako Mwanza, msomee mpaka huo kwanza. Alama zinazojulikana sana zina ulinzi mpana zaidi, lakini umaarufu ni jambo la kuthibitisha, na kupiga kelele si kuthibitisha.

Na wewe una nini mkononi? Hapa wafanyabiashara wengi wanajidanganya. Cheti cha jina la biashara cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina fulani. Hakikupi umiliki wa jina hilo kama alama. Alama inaombwa peke yake, BRELA hiyo hiyo kwa Tanzania Bara, ambako usajili wa kwanza hudumu miaka 7 kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina msajili wake, BPRA, na cheti cha Bara hakivuki bahari. Kenya ndiyo wametenganisha kabisa: jina la biashara liko BRS, alama iko KIPI. Mtu msumbufu anayejua mwanya huu hakubembelezi. Huenda kuomba alama ya jina lako yeye mwenyewe, halafu anarudi kwako na cheti. Kinga ipo, ila ina muda. Maombi ya alama hutangazwa katika jarida la msajili, na kwa Tanzania na Kenya pingamizi huwekwa ndani ya siku 60. Ukipigiwa simu za kulitaka jina lako, anza kusoma jarida hilo, na wasilisha ombi lako kabla yake.

Kesi ninayopenda kuwasomesha wanafunzi ni ya Uzi Nissan. Alizaliwa Jerusalem, akahamia Marekani, na tangu 1980 alifanya biashara kwa jina la ukoo wake, wakati magari ya Nissan yakiuzwa huko kwa jina la Datsun. Mwaka 1994 akasajili nissan.com kwa duka lake la kompyuta North Carolina. Desemba 1999 kampuni ya magari ikamfikisha mahakamani ikidai dola milioni 10. Vuta nikuvute ilikwenda karibu miaka 8, ikamla fedha nyingi, na jina alibaki nalo hadi alipofariki mwaka 2020. Ila kulikuwa na sehemu aliyoshindwa. Mwaka 1999 tovuti yake ilibeba matangazo yaliyohusu magari, na mahakama ya rufani mwaka 2004 ikasema hapo alivuka mstari. Kompyuta, sawa. Magari, hapana. Kwa hiyo ukishapata malalamiko, kagua tovuti yako kabla ya kumkagua mlalamikaji: ondoa tangazo, picha au rangi yoyote inayoegemea biashara yake. Na usilifanye jina lielekeze kwenye ukurasa wa kumkejeli, hata kama moyo unakusukuma.

Kuna jambo linaloangusha watu wengi kuliko sheria yote hii: jina si lao. Alipotengenezewa tovuti, mwenye duka alimpa kijana wa kompyuta fedha taslimu, kijana akasajili kikoa kwa jina lake na barua pepe yake. Miaka imepita, wamekosana kwa malipo madogo, au kijana yuko Dubai. Dalali mjanja hatakupigia wewe. Atampata kijana, amwekee kitita mezani, na asubuhi moja tovuti yako inaonyesha duka la mtu mwingine. Angalia leo nani ameandikwa kama mmiliki kwenye akaunti ya usajili. Barua pepe ya akaunti hiyo isiwe inayotegemea kikoa chenyewe, la sivyo jina likitekwa hutaweza hata kupokea ujumbe wa kulirudisha. Washa kufuli ya kuzuia uhamisho na uthibitisho wa hatua mbili, na ule msimbo wa kuhamisha usimtumie mtu yeyote "aangalie tu". Januari 2014 mhandisi Naoki Hiroshima, aliyekuwa na jina la herufi moja, @N, kwenye Twitter, aliporwa kwanza vikoa vyake na mtu aliyeirubuni kampuni ya usajili kwa simu, kisha akaambiwa vitarudi akiachia @N. Akaachia. Alikuja kulipata tena mwezi uliofuata.

Tarehe ya malipo nayo usiisahau. Wapo wanaolinyakua jina kwa kusubiri tu. Jina la .com likiisha muda na kufutwa, una siku 30 za kulikomboa kwa faini, halafu siku 5 za kusubiri, halafu ni la atakayewahi.

Barua pepe zinazosema kampuni fulani ya Asia inataka kusajili jina lako huko, na wewe una siku chache za kuwahi, zifute. Ni wauzaji wanaotafuta ada. Anayekuahidi fedha nyingi mradi ulete "cheti cha thamani" kutoka tovuti anayokuelekeza, naye anataka ada ya cheti.

Mwenye alama akikushtaki kweli chini ya UDRP, una siku 20 za kujibu, na usizipoteze, kwa sababu anayenyamaza mara nyingi hunyang'anywa. WIPO inamtoza mlalamikaji dola 1,500 kwa mwamuzi mmoja. Waamuzi wanaweza kuamuru jina lihamishwe au lifutwe. Hawawezi kukutoza faini wala fidia. Wakiona alikushtaki ili akupore, wanaweza kutamka hivyo hadharani. Majina ya .tz na .ke yana taratibu zake. Na mwenye nguvu za kweli anaweza kupita njia nyingine kabisa: Jean-Noël Frydman aliyesajili france.com mwaka 1994 alilipoteza mwaka 2018 baada ya mahakama ya Paris kuipa serikali ushindi, na alipoishtaki Ufaransa huko Marekani, mahakama ya rufani mwaka 2021 ikasema dola ya kigeni ina kinga.

Ukiamua kuuza, hilo ni lako na halina aibu. Elon Musk alieleza mwenyewe kwamba tesla.com iliwachukua zaidi ya miaka 10 na dola milioni 11. Haraka ya mnunuzi ndiyo bei yako, kwa hiyo muache ataje yeye, na mwanasheria ayaandike mazungumzo. Fedha zipitie kampuni ya tatu inayozishika mpaka jina lihame, maana jina likishaondoka kabla ya fedha, umebaki na ahadi. Na kabla ya kusaini, hamisha kila kitu kinachofunguliwa kwa barua pepe za jina hilo: benki, TRA, akaunti za mitandao, wateja wa zamani. Mwenye jina mpya ndiye atakayepokea kila ujumbe utakaotumwa huko, na ukibonyeza "nimesahau nywila", kiungo kitamfikia yeye.