Ngozi mpya kutoka kipande kidogo kama stempu: Tiba ya jeni inaponyaje vidonda sugu?

Mwaka 2015, mtoto wa kiume wa miaka 7 alilazwa kwenye kitengo cha majeruhi wa moto mjini Bochum, Ujerumani. Alikuwa amepoteza takriban asilimia 60 ya ngozi yake ya juu.

Lakini mtoto huyo, ambaye familia yake ilikimbia vita Syria, hakuwa ameungua. Alizaliwa na epidamolisisi bulosa, ugonjwa wa kurithi unaoifanya ngozi kuwa dhaifu kama bawa la kipepeo. Hata nguo ikisugua kidogo, malengelenge yanatoka, kisha yanageuka vidonda visivyofunga.

Madaktari walijaribu dawa, wakajaribu pia kumpandikizia ngozi ya baba yake. Yote yalishindikana. Ndipo wakaitafuta timu ya Profesa Michele De Luca wa Chuo Kikuu cha Modena, Italia.

Kwa nini vidonda havikupona?

Safu ya juu ya ngozi hushikana na ya chini kwa protini zinazofanya kazi kama gundi. Mtoto huyu alikuwa na hitilafu kwenye jeni ya LAMB3, ambayo hubeba maelekezo ya kutengeneza sehemu ya gundi hiyo.

Gundi isipokuwepo, ngozi inabanduka tu. Ukitibu kidonda leo, kesho kinafunguka kingine.

Ngozi mpya ilitoka wapi?

Wataalamu walichukua kipande cha sentimita 4 za mraba kwenye kinena, mahali ambapo hapakuwa na malengelenge. Maabara, walitumia kirusi kilichoondolewa makali kama "tarishi" wa kuingiza nakala nzima ya jeni ndani ya seli.

Seli hizo zikaoteshwa hadi zikawa ngozi nyembamba yenye ukubwa wa karibu mita moja ya mraba. Katika operesheni zilizofanyika kati ya Oktoba 2015 na Januari 2016, madaktari walifunika takriban asilimia 80 ya mwili wake. Kwa kuwa seli zilikuwa zake mwenyewe, mwili haukuzikataa.

Februari 2016 alitoka hospitali, akarudi shule.

Je, ngozi hiyo inadumu?

Ngozi ya binadamu hujibadilisha kila baada ya wiki kadhaa. Inayoidumisha ni seli shina, yaani seli mama zinazozalisha nyingine. Kumbe seli shina chache tu zilizorekebishwa zilitosha kuendeleza ngozi yote mpya.

Hofu kubwa ilikuwa saratani, kwa sababu kirusi hupachika jeni popote ndani ya seli. Ripoti ya mwaka 2021, miaka mitano baada ya tiba, ilionyesha ngozi ni imara na hakuna uvimbe. Hata hivyo, mgonjwa wa aina hii lazima afuatiliwe kwa miaka mingi.

Sasa imefikia wapi?

Aprili 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha Zevaskyn, tiba inayofuata njia kama hiyo kwa aina nyingine ya ugonjwa huo, inayotokana na hitilafu ya jeni ya COL7A1.

Katika majaribio ya wagonjwa 11, asilimia 81 ya vidonda vilivyopandikizwa vilipona kwa nusu au zaidi ndani ya miezi sita. Kwa vidonda vilivyopata huduma ya kawaida, ilikuwa asilimia 16.

Kikwazo ni bei: takriban dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja. Pia ngozi hiyo haitibu vidonda vya mdomoni na kooni, ambavyo huwatesa wengi wenye ugonjwa huu.

Vipi kuhusu vidonda vya kisukari?

Tiba hizi hazikutengenezwa kwa ajili yake. Kidonda cha mguu cha mwenye kisukari hakisababishwi na jeni moja. Kinachangiwa na damu kutofika vizuri, mishipa ya fahamu kufa ganzi, sukari kupanda na vijidudu. Kurekebisha jeni moja hakuondoi hayo.

Kwa hiyo, ukiahidiwa "tiba ya seli" ya kidonda cha kisukari, muulize kwanza daktari wako. Kinachookoa miguu hadi leo ni kudhibiti sukari, kuikagua miguu kila siku, kutokanyagia kidonda na kuwahi hospitali kabla hakijaoza.