Je, Kipimo cha Nguvu za Watoto Kirudi Mashuleni?

Mwezi wa Julai mwaka 2025 Rais wa Marekani, Donald Trump, alitia sahihi amri ya kurudisha katika shule za nchi yake mtihani wa nguvu za mwili kwa watoto, mtihani uliokuwa umeachwa tangu mwaka wa masomo wa 2012 na 2013. Khabari hii ilipofika kwetu Mwanza haikupita bure. Barazani, baada ya sala ya Isha, wazee waliipokea kana kwamba ni khabari ya nyumbani kwao, kwani kila aliyesoma shule zetu zamani aliukumbuka mchakamchaka, akauliza: Je, na wetu utarudi lini?

Kwa vijana wasioujua, mchakamchaka ulikuwa ni mbio za asubuhi. Sisi tuliosoma shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 twakumbuka vizuri: jua halijachomoza, umande miguuni, watoto wamepangwa mistari, mmoja aongoza wimbo na wengine wamwitikia, na nyuma kabisa yuko mwalimu wa zamu na fimbo yake. Hakuna aliyeandika nani kakimbia kiasi gani. Lakini kipimo kilikuwapo, nacho kilikuwa ile fimbo. Aliyebaki nyuma alijulikana na wote. Ziko shule ambazo mpaka leo zingali zikikimbia, na nyingi zimeacha.

Mtihani wa Wamarekani ni jambo jingine, nao ulizaliwa kwa khofu. Katika miaka ya 1950 waganga wao walipima watoto wa Marekani na watoto wa Ulaya kwa kipimo kimoja. Zaidi ya nusu ya Wamarekani walishindwa, na wale wa Ulaya walioshindwa hawakufika mmoja katika kila kumi. Rais Eisenhower akaunda baraza la kuangalia nguvu za vijana mwaka 1956, na mwaka 1966, zama za Rais Johnson, ikawekwa tuzo kwa watakaofanya vizuri. Mtoto alitakiwa akimbie maili moja, ajivute kwa mikono kwenye chuma, alale chali na kuinuka mara nyingi awezavyo, na mengine mfano wa hayo. Tuzo ikawaendea wachache wenye nguvu kupita wenzao. Waliobaki walirudi nyumbani na aibu yao, na wengi wao, sasa ni watu wazima wenye wajukuu, hawajaisahau. Ndiyo sababu hata huko rai zimegawanyika: wako wanaosema watoto wamelegea na dawa ni kipimo, na wako wanaosema kipimo kile ndicho kilichowafanya wachukie michezo maisha yao yote.

Na hapa kwetu vilevile rai hazikuwa moja. Tuliowasikia wakitaka mchakamchaka urudi walitoa hoja yenye uzito. Mtoto wa mjini, wa Nyamagana au Ilemela, hupelekwa shule kwa bodaboda, hukaa darasani mpaka alasiri, kisha aende masomo ya ziada, kisha aje chuoni kwetu akae tena, na usiku akae na simu. Atakimbia saa ngapi? Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza mwaka 2019 kwamba vijana 81 katika kila 100 wenye umri wa miaka 11 hadi 17 hawapati harakati za kutosha, na wasichana wamezidi wavulana kwa upungufu huo. Saa moja kila siku ndiyo inayotakiwa na shirika hilo. Na sisi walimu wa vyuo tukiri hapa kwamba tumo katika lawama hii, maana ni wangapi kati yetu wampao mtoto hata robo saa ya kunyoosha miguu baina ya sura na sura?

Walakini mwenye kusema kwamba watoto wa zama hizi wote ni wavivu, na aende kwenye mwalo wowote wa Ukerewe au Sengerema alfajiri, aone mabinti wa miaka kumi wakipanda kutoka ziwani na ndoo kichwani. Au asimame chini ya milima ya mawe ya Mabatini aangalie watoto wanavyopanda kwenda makwao. Hao hawana haja ya kukimbizwa. Wana haja ya uji.

Upande wa pili walikuwamo akina mama, nao hawakupinga mazoezi. Waliogopa namna yake. Binti aliyebaleghe atakimbia mbele ya nani, na kwa vazi gani? Mtoto mnene atachekwa na darasa zima, na hilo jina la kuchekwa atabaki nalo mpaka aolewe. Baba mmoja alituambia waziwazi kwamba yeye haogopi mbio, aogopa fimbo inayofuata mbio.

Sasa turejee katika dini yetu, maana wako wanaodhani kwamba kupima nguvu za vijana ni mambo ya Kizungu. Sivyo. Mtume wetu (S.A.W.) alikagua vijana kabla ya Uhud. Ibn Umar, naye ana miaka 14, hakukubaliwa. Mwaka wa Khandaq, alipotimia 15, akakubaliwa. Na wanazuoni wa sira wamesimulia khabari ya Rafi bin Khadij na Samura bin Jundub: Rafi aliruhusiwa kwa kuwa hodari wa kutupa mishale, na Samura aliporudishwa akasema kwamba yeye humwangusha Rafi katika mieleka. Wakapiganishwa mieleka, Samura akashinda, naye akaruhusiwa. Katika khabari hizi hatusomi kwamba aliyerudishwa alitukanwa au alipigwa. Alirudishwa kwa kuhurumiwa, na mlango ukaachwa wazi.

Iko khabari nyingine ambayo huwa twaipita haraka tunaposomesha, nayo yafaa kusimamiwa. Imepokewa na Bukhari na Muslim, na msimulizi wake ni huyo huyo Ibn Umar, naye alikuwa mmoja wa walioshindana. Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi. Wale waliokwisha kuzoezwa aliwapa mwendo mrefu, kutoka Hafya mpaka Thaniyatul Wadaa, kiasi cha maili tano au sita. Na wale wasiozoezwa akawapa mwendo mfupi, kutoka Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, kiasi cha maili moja. Basi ikiwa farasi, naye ni mnyama, hakupewa kipimo kimoja na mwenzake asiyekuwa hali moja naye, mwanadamu je?

Jambo hili kwetu sisi wa ukingo wa Ziwa Victoria si la kunogesha mazungumzo tu. Ni la uhai. Maji haya tunayoyategemea yana konokono, na kutoka kwa konokono hutoka vijidudu vya kichocho vinavyopenya ngozi ya mtoto anapooga, anapofua au anapochota maji. Kichocho cha huku kwetu zaidi ni kile cha tumbo, kinachodhuru ini na wengu na kumpunguzia mtoto damu. Ongeza minyoo. Ongeza malaria. Mtoto mwenye hayo hukimbia hatua chache akahema, na anayemtazama kwa mbali husema huyu mvivu.

Tena kuna selimundu. Inakisiwa kwamba katika Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 wenye maradhi haya ya damu, na mikoa ya Kanda ya Ziwa ni katika ile iliyoguswa zaidi. Baridi, kiu na kuchoka kupita kiasi ndivyo vinavyomletea mwenye selimundu maumivu makali ya mifupa na kifua. Hebu msomaji ayaweke pamoja: alfajiri ya baridi, tumbo tupu, mbio, na fimbo nyuma.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja darasani, katika shule ambayo hatutaitaja. Kila siku alikuwa wa mwisho. Macho yake yalikuwa na umanjano, nasi watoto tulimpa jina kwa hayo macho. Alipigwa viboko kwa kubaki nyuma, akapigwa tena kwa kutokuja shule siku za pili yake, na sisi tulicheka pamoja na wengine. Hospitali ilipotoa jina la maradhi yake alikuwa amekwisha kudhoofika sana, na hakumaliza darasa la sita. Mwenyezi Mungu amrehemu. Miaka mingi baadaye, tukiwa walimu, tulimwita mvivu mtoto aliyekuwa akisinzia juu ya juzuu yake, mpaka mama yake alipokuja kutuambia kwamba ameonekana na kichocho. Hapo ndipo tulipomkumbuka yule wa kwanza.

Kwa hiyo rai yetu, kwa wanaotuuliza, ni kwamba kipimo kirudi, lakini kisirudi na fimbo yake. Mashindano tunayo, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, nayo yana kazi yao, yaani kumtafuta aliye mbele. Na walio mbele huku kwetu hawakosekani: Tanzania imepata medali mbili tu za Olimpiki mpaka leo, zote Moscow mwaka 1980, na mmoja wa waliozileta, Suleiman Nyambui, ni mwana wa Majita, kando ya ziwa letu hili. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kupimwa na mwalimu wa darasa la nne ili ajulikane. Kipimo cha darasani chafaa kumtafuta aliye nyuma, na kuuliza ana nini.

Wako waliofanya hivyo. Nchi ya Slovenia huko Ulaya imekuwa ikipima watoto wa shule zake zote kila mwaka tangu 1987, kwa ridhaa ya wazazi, na majibu hupelekwa nyumbani, si ubaoni. Mtoto huonekana amepanda au ameshuka kuliko alivyokuwa mwaka uliopita. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020 na shule zikafungwa, waliweza kuona mara moja jinsi watoto walivyodhoofika, kwa kuwa walikuwa na hesabu za nyuma za kulinganisha.

Na kwetu mfano haupo mbali. Siku ya kugawa dawa za kichocho mashuleni, mtoto husimamishwa kwenye kijiti cha kupimia urefu, akapewa vidonge kwa kadiri ya urefu wake yeye. Hakuna anayemcheka mfupi kwa kupewa vidonge vichache. Tungependa mbio zipimwe kwa moyo ule ule wa kijiti.

Katika mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024, shule za msingi zina somo la Sanaa na Michezo, basi saa ya kufanyia hayo imekwisha kupatikana. Haihitajiki amri kutoka mbali. Mabinti wapimwe peke yao, na mwalimu wa kike, katika mavazi yao ya sitara, suruali ndefu na hijabu, na hapo hoja ya akina mama itakuwa imejibiwa. Mwalimu aulize kabla ya mbio nani ana maradhi ya damu, pumu au moyo, na mzazi aseme kweli, maana wako wazazi wanaoficha selimundu ya mtoto kwa kuogopa maneno ya watu. Anayehema kupita kiasi apelekwe zahanati, wala asipelekwe ofisini kuchapwa. Ama kukimbia na njaa, hilo hatulikubali kabisa.

Upande wetu, chuoni, tumeanza jambo dogo. Kila Jumamosi na Jumapili kabla ya Adhuhuri watoto huweka misahafu mahali pake, wavulana wakatoka nje na mwalimu wao, na wasichana wakabaki uani na mwalimu wao wa kike, wakakimbia na kuruka kwa nusu saa. Tumeandika katika daftari, ambalo halisomwi mbele ya watu, kila mmoja amezunguka uwanja mara ngapi bila kusimama. Katika majuma ya mwanzo wako watatu walioshindwa hata mzunguko mmoja, na wazazi wao tumekwisha kuwaita. Wawili wamekwenda kupimwa. Wa tatu baba yake yuko visiwani kwenye dagaa, nasi twamngoja arudi.

Wasomaji wetu walio na rai nyingine, na khasa akina mama, watuandikie kabla ya toleo lijalo.