Ukavu wa Uke Baada ya Hedhi Kukoma: Maradhi Yenye Dawa

Kuna maumivu ambayo mama huyaficha hata kwa dada yake wa toka nitoke. Hedhi imekoma, au ametibiwa saratani, na tendo la ndoa limekuwa adhabu. Mume hudhani amechukiwa. Mke hudhani uzee umemnyang'anya haki yake. Sivyo. Haya ni maradhi, na yana dawa.

Hedhi hukoma kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni hupungua, na ngozi laini ya uke huwa nyembamba na kavu. Mwanamke huwashwa, huhisi kuchomwa, na hupatwa na maambukizi ya njia ya mkojo mara kwa mara. Joto la ghafla mwilini aghalabu hupoa miaka ikipita. Ukavu huu hauondoki wenyewe.

Kwa waliotibiwa saratani, hali hii huweza kuja ghafla, hata kwa mwanamke kijana. Saratani ya mlango wa kizazi ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake wa Kenya. Ndugu zetu walioolewa au kuhamia bara, Kitale na Bungoma, husafiri hadi Eldoret au Nairobi kutafuta tiba ya mionzi. Mionzi hiyo hupambana na saratani, lakini huweza kusimamisha kazi ya ovari na kuufanya uke kuwa mwembamba na mfupi. Mgonjwa akirudi salama, huona suala la unyumba ni dogo mno kuulizwa. Sisi twasema linastahili kuulizwa.

Kwanza, tuache kutia ukeni sabuni, manukato, shabu na mafusho. Maji safi yanatosha kujitohara. Pili, duka la dawa huuza vilainishi vya maji vya kutumia wakati wa tendo, na dawa za unyevu zitiwazo ukeni kila baada ya siku mbili au tatu. Tatu, daktari huweza kuandika krimu au vidonge vya estrojeni vya kutia ukeni, aghalabu kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Aliyeugua saratani ya matiti asiitumie kabla daktari wake wa saratani hajaridhia. Aliyepigwa mionzi ya nyonga amwulize muuguzi kuhusu kipanuzi cha uke.

Damu ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, msiseme hedhi imerejea. Nendeni hospitalini upesi. Za rufaa za kaunti zipo Kitale na Bungoma. Ni halali kuomba kuhudumiwa na mwanamke mwenzenu.

Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Nanyi waume, fuataneni na wake zenu, na subirini wakiumwa.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.