Moshi wa Jikoni na Mishipa ya Damu

Baridi ya Juni na Julai inapozishika nyanda za juu za Ufipa, Tanzania, ambako mji wa Sumbawanga umekaa kadiri ya mita 1,800 juu ya bahari, watu hufunga milango wakayasogelea mafiga, wakivuta moshi ambao aghalabu hulaumiwa kwa kikohozi na macho mekundu tu, ilhali madhara yake yaliyo makubwa zaidi hupita kimya katika mishipa ya damu.

Vumbi jembamba la moshi lifikapo ndani kabisa ya mapafu, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huamka na kumwaga katika damu kemikali za kuita msaada. Kwa mtu aliyejikata kwa jembe jambo hili ni rehema, kwani wekundu, joto, uvimbe na maumivu, dalili nne alizoziandika Mrumi Celsus yapata miaka 2,000 iliyopita, hudumu siku chache kisha jeraha likapona. Bali avutaye moshi asubuhi na jioni, uvimbe huu wa ndani hauna siku ya kwisha. Utando wa ndani ya mshipa huharibika, lehemu hupenya chini yake, chembe nyeupe huifuata na kuimeza hata zikafa kwa kushiba mafuta, na juu ya rundo hilo hufanyika ganda ambalo uvimbe uo huo hulila taratibu mpaka likapasuka, damu ikaganda papo hapo, na mtu akapatwa na kiharusi au mshtuko wa moyo, hata kama mshipa ulikuwa haujaziba sana.

Mwaka 2017 ilidhihirika kwamba dawa ya canakinumab, isiyopunguza lehemu bali uvimbe tu, ilipunguza mishtuko ya moyo. Lakini iliongeza vifo vya maambukizi, na kwa hiyo naona ni heri kuuondoa moshi kuliko kuwalaza askari. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, zaidi ya nusu yao kwa maradhi ya moyo na kiharusi.

Wafipa wa kale, waliojenga tanuru za chuma zilizopita kimo cha mtu na kuvuta hewa zenyewe pasi na mivukuto, waliijua vyema njia ya hewa ya moto, ambayo ndiyo itumiwayo na dohani. Na huko Guatemala wanawake waliopewa majiko yenye dohani, shinikizo lao la damu lilishuka. Serikali imekusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mpaka mtungi wa gesi umfikie mkulima wa Ufipa kwa bei anayoimudu, ajengewe dohani, akaushe kuni zake vyema, wala asiwalaze watoto penye moshi.