Unauza msumeno wa chaji? Usikopi boksi

Wafanyabiashara wenzangu, ile misumeno midogo ya mnyororo inayotumia chaji, usiposti kila kilichoandikwa kwenye boksi. Betri nyingi zina seli 5 za lithiamu zilizoungwa mfululizo. Kila seli ni 3.6V, jumla 18V. Ikijaa chaji inafika 21V. Stika ya 48V haiongezi nguvu.

Mwambie mteja ukweli: bledi ya inchi 4 ni kama sentimita 10. Hapa Elerai ni ya kupunguza ua na matawi ya mparachichi au mgrevilea, sio kuangusha mti.

Mkumbushe oili kwenye mnyororo, miwani, glavu, na achomoe betri kabla ya kusafisha. Mteja akijua anachonunua, mzigo haurudi, na kesho anakuletea jirani yake.