Vilele vya Kuona Mbali: Milima ya Vita kutoka Yatta hadi Salaita

Mji mdogo wa Kwa Vonza, ulio kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui na unaojulikana zaidi siku hizi kwa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, umepakana na umbo la nchi lisilo na mfano mwingi duniani, nalo ni uwanda wa juu wa Yatta. Uwanda huu ni mkondo wa lava, yaani mwamba ulioyeyuka na kutoka ardhini, ambao zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita ulitiririka kuelekea kusini-mashariki ukifuata bonde la mto wa kale, ukapoa humo na kugeuka jiwe gumu liitwalo fonolaiti. Udongo na miamba laini ya kingo za bonde hilo ilimomonyoka kwa muda mrefu, lakini lava haikumomonyoka, hata kile kilichokuwa sakafu ya bonde kikabaki kimeinuka juu ya nchi yote kama ukuta. Ukuta huo una urefu unaokaribia kilomita 300, na unakwenda sambamba na mto Athi mpaka ndani ya mbuga ya Tsavo, karibu na nchi ambayo mwaka 1914 iligeuka kuwa uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Anayepanda Yatta na kuangalia magharibi, ng'ambo ya Athi, huiona milima ya Mbooni na Kilungu katika Makueni ikiwa imejipanga kwa rangi ya samawati, na akigeuka mashariki huviona vilima vya Kitui vikichomoza kimoja kimoja kutoka katika nyika. Vingi vya vilima hivi vya mashariki ni vya aina ambayo wanajiolojia huiita vilima-visiwa, kwa maana ya mwamba mgumu wa kale, aghalabu wa naisi, uliobaki umesimama peke yake baada ya miamba dhaifu iliyouzunguka kuliwa na mvua na mito. Mwamba wa Nzambani, jirani na mji wa Kitui, ni mfano unaofahamika na wengi. Kwa kuwa vilima-visiwa huinuka ghafla bila safu ya milima mingine kuvizuia, vilele vyake huonyesha pande zote, na sifa hiyo ndiyo inayomvuta mpandaji leo kama ilivyomvuta mlinzi na mpiganaji zamani.

Umbali unaoonekana kutoka kileleni unaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Ukichukua kipeuo cha pili cha kimo cha kilele juu ya nchi inayokizunguka, kwa mita, kisha ukakizidisha kwa 3.57, unapata umbali wa upeo wa macho kwa kilomita. Hivyo kilima kinachoinuka mita 100 humwonyesha mtu hadi kilomita 36 hivi, na mlima unaoinuka mita 1,000 humfikisha kilomita 113. Hesabu hii huchukulia kuwa hewa ni safi, jambo ambalo nyika ya Ukambani haitoi kila siku, kwa sababu vumbi na moshi wa miezi mikavu huufunga upeo ifikapo saa nne asubuhi. Wakati bora ni alfajiri, hasa siku zinazofuata mvua ya vuli au ya masika.

Thamani ya kuona mbali ilijulikana Ukambani kabla ya bunduki za Wazungu kufika. Wanahistoria wanaitaja Mbooni kuwa chimbuko la makazi ya Wakamba tangu karne ya 17, mahali palipokuwa na mvua, udongo mzuri na miteremko mikali iliyowazuia washambuliaji wa nyikani, wakiwemo Wamaasai, na kutoka huko watu walivuka Athi na kuijaza Kitui. Huko Kitui ndiko mmisionari Ludwig Krapf, akiwa mgeni wa mfanyabiashara mashuhuri Kivui wa Mwendwa, alikoona theluji ya Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849, ingawa wasomi wa Ulaya waliokaa vitini mwao walimkatalia kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Kivui mwenyewe aliuawa mwaka 1851 msafara wake uliposhambuliwa karibu na mto Tana, ushahidi kwamba nchi hiyo ya mandhari mapana ilikuwa pia nchi ya hatari.

Vita vikubwa vilipofika, shabaha yake ilikuwa reli. Njia ya reli iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901, ambayo hupita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu katika Makueni, ilikuwa mshipa pekee wa kulisha majeshi ya Waingereza bara, na katika sehemu ya Voi na Tsavo haikuwa mbali na mpaka wa koloni la Wajerumani. Wajerumani waliiteka Taveta mnamo Agosti 1914, na kutoka huko makundi madogo ya askari na wapagazi yalivuka nyika isiyo na maji usiku, yakatega baruti chini ya mataruma na kurudi. Makundi hayo yalihitaji mahali pa kuchungulia na mahali pa kupata maji, na mahitaji hayo mawili yalikutana katika mlima Kasigau.

Kasigau una kimo cha mita 1,641 juu ya usawa wa bahari, lakini hesabu inayofaa hapa ni ile ya kuinuka kwake, takriban mita 1,000 juu ya nyika inayouzunguka. Kilele chake hukamata ukungu unaotoka Bahari ya Hindi, ndiyo maana juu kuna msitu mbichi na chini kuna vijito, wakati kilomita chache kutoka hapo hakuna tone. Wajerumani waliuteka mlima huu Desemba 1915. Kabla ya hapo, mwaka huo huo, serikali ya Waingereza ilikuwa imewashutumu Wataita wa Kasigau kwa kuwasaidia adui, ikawahamishia Malindi kwa nguvu, na wengi wao walikufa huko kabla ya waliosalia kuruhusiwa kurudi katika miaka ya 1930. Mpandaji anayeanzia leo katika vijiji vya Rukanga, Bungule au Makwasinyi anaongozwa na wajukuu wa watu hao, na mlima anaoupanda uliwagharimu wenyeji wake zaidi ya ulivyoligharimu jeshi lolote lililoupigania.

Salaita ni kilima kidogo kandokando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, na kwa mpandaji wa kawaida hakimalizi hata asubuhi moja, lakini hakuna kilele kinachofundisha kwa uwazi zaidi hatari ya kuamini macho peke yake. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Malleson, wakiwemo Waafrika Kusini waliokuwa wametoka melini karibuni, yalikishambulia kwa kuamini kwamba Wajerumani wamejichimbia juu, kwa kuwa juu ndiko kila mtu alikokutazama. Mizinga ikapiga kileleni. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa chini, katika mahandaki yaliyofichwa na vichaka miguuni mwa kilima, na walipofyatua bunduki za rashasha washambuliaji walivunjika na kurudi nyuma kwa fujo, wakipoteza zaidi ya watu 170 waliouawa, kujeruhiwa au kutoweka. Kikosi cha 130 cha Wabaluchi kutoka India ndicho kilichosimama imara na kuwakinga waliokuwa wakikimbia. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, akiongoza majeshi ya Waingereza, alizunguka upande wa Ziwa Chala, na Wajerumani wakakiacha kilima bila mapigano.

Mapigano yaliyofuata, tarehe 11 na 12 Machi, yalikuwa kwenye vilima pacha vya Latema na Reata, vinavyoibana njia ya kutoka Taveta kwenda Kahe. Askari wa Kiafrika wa kikosi cha tatu cha King's African Rifles walipanda Latema mchana chini ya risasi na kumpoteza kamanda wao, Luteni Kanali Graham. Usiku Waafrika Kusini walipanda tena na wengi wakarudishwa, ila wachache waling'ang'ania kwenye kingo hadi kulipopambazuka, wakati ambapo Wajerumani walikuwa tayari wameondoka. Anayesimama hapo leo na kuona Kilimanjaro upande mmoja na nyika ya Taveta upande mwingine anaelewa papo hapo kwa nini vilima vidogo kiasi hicho viligombewa.

Hata hivyo, anayevisoma vita hivi kutoka kileleni tu huvisoma nusu. Kila risasi na kila kibaba cha unga kilifika hapo kichwani na mabegani mwa wapagazi, na Ukambani ni miongoni mwa sehemu zilizotoa wapagazi na askari wengi. Katika Kenya peke yake wapagazi waliokufa wanakadiriwa kupita 40,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, na makaburi ya kijeshi ya Voi na Taveta, yaliyopangwa vizuri kwa majina ya Wazungu, hayawataji mmoja mmoja. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri huko kulichelewa zaidi ya miaka 100, na hakutoshi mpaka majina yapatikane. Baadhi ya waliorudi walirudi na elimu isiyotarajiwa: inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, mji ulio ng'ambo ya Athi ukitoka Kwa Vonza, alijifunza uchongaji akiwa vitani Tanganyika, na kutokana naye vinyago vya Wakamba vikaenea duniani.

Vilima hivi bado vina maganda ya risasi, vipande vya chupa na mistari ya mahandaki inayoonekana kwa jicho lililozoea. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inavilinda vitu vya aina hiyo, na ganda lililookotwa na kutiwa mfukoni halimfundishi tena mtafiti yeyote ni nani alifyatua, akiwa amesimama wapi na akielekea upande gani. Mpandaji aviache mahali vilipo, amchukue mwongozaji wa kijiji husika, na kama nyumbani kwao kuna medali, barua au jina la babu aliyekwenda vitani asirudi, alifikishe Makumbusho ya Taifa wakati wazee wanaolikumbuka bado wako hai.